Fundi wa Shimesikio na Unyevu wa Pwani

Dar es Salaam, masika yakikolea kati ya Machi na Mei, nguo hulala kambani na kuamka bado mbichi. Chumvi hushikana kikopeni hata mtu akalazimika kukigonga mezani ili itoke. Viatu vya ngozi vilivyosahaulika kabatini huota ukungu. Hewa hiyo hiyo, nzito kwa maji, huingia usiku na mchana ndani ya kifaa kidogo kuliko kidole gumba, chenye maikrofoni, kikuza sauti, spika na betri, kilichokaa nyuma ya sikio la mtu anayetoka jasho. Shuleni wanakiita shimesikio. Mitaani wengi husema mashine ya masikio. Wahandisi wamejitahidi kukifunga, lakini kukiziba kabisa hawawezi: maikrofoni inataka tundu ili isikie, spika inataka tundu ili iseme, na betri nyingi za vifaa hivi zinataka hewa ili zifanye kazi. Kwamba kifaa chenye matundu, kinachovaliwa penye joto, jasho na nta, katika mji wa pwani, kinaweza kudumu miaka 5 na zaidi, hilo ni jambo la kustaajabisha. Mara nyingi nyuma yake kuna mikono ya mtu.

Mikono niliyoitazama mimi ni ya mwanamke mwenye chumba kidogo Kariakoo, juu ya duka la vitambaa. Hapendi kuandikwa jina, nami simwandiki. Mezani pake hakuna kitu kilichokaa ovyo. Ametandaza taulo jeupe, kwa sababu skrubu ndogo ikidondoka juu ya taulo haidundi wala haipotei. Juu ya taulo kuna kioo cha kukuzia chenye taa, kibano, brashi ya nywele laini, vijiti vya mbao, pamba, chupa ya spiriti, pampu ya mpira inayoenea kiganjani, mkasi mdogo, na msokoto wa mrija mwembamba unaopitisha mwanga. Kuna pia mpira wa kusikilizia, wenye vipande viwili vya kuingiza masikioni kama ule wa daktari, ila mwisho wake una kikombe kidogo cha kuchomekea kifaa. Pembeni limesimama kopo la kioo lenye mfuniko wa kukaza, nusu limejaa chembe za rangi ya machungwa. Kopo hilo ndilo moyo wa chumba, lakini kazi huchukua muda mrefu kabla ya kulifikia.

Mzee aliyekuja asubuhi ile, mwalimu mstaafu, alikuwa ameletwa na mjukuu wake. Fundi alisimama, akazunguka meza, akakaa mbele yake usawa wa uso, mahali mwanga unapoangukia midomo. Hapo ndipo akasalimu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hii mashine imenichosha."

"Inazimika ghafla, au inafifia?"

Ilibidi mjukuu arudie swali karibu na sikio la kushoto. Mzee akafikiri. "Inafifia. Asubuhi nzuri. Adhuhuri inakwaruza. Alasiri kimya. Kesho yake inasikika tena."

Fundi akaitikia kwa kichwa, bado hajakigusa kifaa. Baadaye alinieleza kwamba jibu lile lilikuwa nusu ya kazi. Kifaa kinachokatika mara moja humfanya ashuku betri iliyokwisha au waya uliokatika. Kinachofifia polepole, kikakwaruza, kikapumzika usiku na kurudi asubuhi, hicho kina maji. Akaendelea kuuliza, moja baada ya jingine, bila haraka. Mzee analala na dirisha wazi? Kifaa anakiweka wapi usiku? Anatumia feni au kiyoyozi? Anatia udhu mara ngapi msikitini, na akimaliza anavaa kifaa papo hapo? Anavaa kofia ya kitambaa kizito? Anapaka mafuta ya nazi kichwani?

Mzee alikiri udhu na kofia. Kifaa hulala juu ya televisheni. Mafuta hapakai, alisema, ila bibi humpaka.

Ndipo fundi akanyoosha mkono kukipokea kifaa. Kitu cha kwanza alichofanya ni kufungua kifuniko cha betri kwa ukucha na kuitoa betri. Umeme na maji vikikutana, chuma huliwa haraka zaidi kuliko maji yakiwa peke yake, kwa hiyo kila dakika betri inapokaa ndani ya kifaa chenye unyevu ni dakika ya kutu. Akaipindua betri chini ya kioo. Ilikuwa ya namba 13, ile inayouzwa na kibandiko cha rangi ya machungwa. Rangi hizo ni za dunia nzima: namba 10 ni njano, 312 ni kahawia, 13 ni machungwa, 675 ni buluu, ili hata asiyejua kusoma asikosee dukani. Upande mmoja wa betri una vitundu vidogo. Ndani mna zinki, na zinki hiyo huanza kutoa umeme pale tu oksijeni ya hewa inapopita vitunduni, ndiyo maana betri mpya huja imebandikwa. Pwani, hewa haiji peke yake. Inaingia na mvuke. Betri hunywa maji, huvimba, na mwisho hutoa jasho lake lenyewe, lenye magadi makali. Ile ya mzee ilikuwa imetuna kidogo. Alinionyesha kwa kuilaza juu ya kioo cha meza: ilichezacheza badala ya kutulia.

Kisha akainamia chumba cha betri kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Nilipopewa nafasi ya kutazama, niliona vibao viwili vidogo vya chuma vinavyoshika betri. Kimoja kilikuwa na unga mweupe pembeni. Kingine kilikuwa na doa la kijani, dogo kuliko punje ya ufuta. Unga mweupe ni masalia ya betri iliyovuja. Kijani ni shaba iliyoliwa. "Nyeupe inafutika," alisema. "Kijani inataka heshima."

Alianza na sehemu iliyo rahisi. Nyuma ya sikio kifaa humalizikia kwenye kulabu ya plastiki. Kulabu huunganishwa na mrija. Mrija huingia kwenye moldi, kile kipande kilichofinyangwa kwa umbo la tundu la sikio la mtu mmoja tu duniani. Alishika mrija karibu kabisa na kulabu, akauvuta taratibu huku akiuzungusha kidogo, vikaachana. Hakuishika moldi na kuivuta kwa nguvu, maana wengi hufanya hivyo na kubaki na kulabu iliyovunjika. Moldi akaitia kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo. Mashine yenyewe haikukaribia bakuli. Wala spiriti haikukaribia moldi, kwa sababu akriliki ya moldi ikizoea spiriti hupauka na kupasuka nyufa ambazo hazionekani mpaka zikwaruze ngozi. Aliisugua kwa brashi, akatoa nta iliyoshika kwenye tundu kwa kitanzi cha waya, akaisuuza, kisha akaweka mdomo wa pampu kwenye tundu na kubana. Maji yakaruka upande wa pili. Akabana tena, na tena, mpaka kitambaa alichokikinga upande wa pili kikabaki kikavu.

Mrija wa zamani ulikuwa umegeuka njano na kukakamaa. Aliushika juu ya taa na kunionyesha: ndani, katikati ya mpindo, kulikuwa na tone moja. Tundu la mrija wa kawaida lina upana wa milimita 1.93, na katika nafasi nyembamba namna hiyo tone halitiririki. Hushika kuta zote mbili na kusimama. Sauti husafiri ndani ya mrija kwa kusukuma hewa, na hewa ikikuta ukuta wa maji, neno linaishia hapo. Maikrofoni nzima, kikuza sauti kizima, betri mpya, na bado mtu hasikii kwa sababu ya tone moja.

Tone lilitoka wapi? Hapa fundi aliacha zana chini, nadhani kwa sababu swali hili analipenda. Tundu la sikio lina joto la mwili na mvuke wa mwili. Mtu akikaa ofisini au benki penye kiyoyozi, mrija ulio nje ya sikio hupoa. Mvuke unaotoka sikioni unaukuta ukuta baridi na kugeuka maji. Akitoka nje sasa, barabarani, kifaa kizima kimepoa, na hewa ya joto ya Kariakoo inakikuta kama inavyoikuta chupa ya soda iliyotoka frijini. Kwa hiyo pwani kifaa hutiwa maji mara mbili: kwa kuingia kwenye baridi na kwa kutoka. Mvua haijanyesha bado, na mtu hajaoga.

Aliukata mrija wa zamani na kuuchomoa. Mrija mpya alichagua wenye kuta nene, ambao hukusanya unyevu kidogo kuliko mwembamba. Akaukata ncha kwa mshazari ili iwe na ulimi, akapitisha kitanzi cha waya kwenye tundu la moldi, akaunasa ulimi, na kuvuta. Mrija ulipita kwa kusitasita. Hakulazimisha. Aliurudisha nyuma kidogo, akageuza moldi, akavuta tena mpaka mpindo wa mrija ukakaa pale pale ulipotakiwa, ukielekea juu na nyuma kama sikio linavyotaka. Sehemu iliyochomoza ndani aliikata kwa usawa kabisa na moldi, kwa ncha ya mkasi, akapitisha kidole. Akapitisha tena. Mrija ukichomoza hata kidogo utamchoma mzee kila anapotafuna. Ukiwa mfupi kupita kiasi, nta itajaa kwenye shimo lililobaki. Urefu wa upande wa nje hakuukata mezani. Alisubiri moldi ikauke, akaivisha sikioni mwa mzee, akalaza mashine nyuma ya sikio, akatia alama kwa kalamu, na ndipo akakata.

Nilidhani sasa zamu ya kopo imefika. Haikuwa imefika, na hapa ndipo nilipoanza kuuelewa ufundi wake.

Jasho ni maji na chumvi. Likikauka juu ya kifaa, maji huondoka na chumvi hubaki, kwenye viungio vya gamba, kwenye ukingo wa kifuniko cha betri, kwenye matundu ya maikrofoni. Macho huona kifaa kikavu. Lakini chumvi ya kawaida, unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hivi, huanza kuvuta maji kutoka hewani na kuyeyuka yenyewe. Pwani yetu hupita kiwango hicho usiku mwingi wa mwaka. Maana yake ni kwamba kifaa chenye chumvi, hata ukikikausha vizuri jioni, kitajilowesha chenyewe usiku kikikaa wazi, na maji hayo ya chumvi hula chuma kuliko maji matupu. Fundi anayekausha kabla ya kufuta huwa anaihifadhi chumvi.

Basi alifuta. Alichukua kitambaa cha pamba, akakilowesha kwa maji yaliyochujwa chumvi, yale yasiyo na asidi yanayouzwa kwa kuongezea betri za gari, kisha akakikamua mpaka kikawa hakiachi alama kwenye kioo. Akapitisha kwenye gamba, upande kwa upande. Kwenye viungio alitumia kijiti cha mbao kilichozungushiwa nyuzi chache za pamba, na kila mpitisho mmoja alibadilisha pamba, ili asihamishe chumvi kutoka ufa mmoja hadi mwingine. Alipofika kwenye matundu ya maikrofoni alikigeuza kifaa kikatazama chini. Brashi ilipita kwa wepesi, kutoka chini kwenda nje, ili uchafu uanguke mezani. Wengi hushika kifaa kikitazama juu na kusugua. Kwa mkono wao wenyewe wanausukuma uchafu ndani.

Vibao vya betri vilikuja mwisho. Unga mweupe uliondoka kwa spiriti kidogo. Doa la kijani alilishughulikia kwa kijiti kilichochongwa ncha bapa, akikwangua kwa pumzi fupi fupi, akipuliza kwa pampu, akitazama, akikwangua. Kibao hicho ni cha chuma chembamba kilichopakwa madini yasiyoshika kutu. Ukikwangua kwa pupa unaondoa doa pamoja na kinga yake, na baada ya mwezi kijani kinarudi kikiwa kikubwa zaidi. Mjukuu alishachoka na kuanza kuchezea simu. Mzee alikuwa amesogeza kiti ili aone vizuri. Walimu wa zamani, nahisi, hawachoki kutazama mtu anayefanya kitu sawasawa.

Sasa kopo. Chembe zile ni silika, ndugu wa vile vipakiti vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu na mikoba, vilivyoandikwa visiliwe. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, silika huweza kubeba maji karibu theluthi ya uzito wake yenyewe. Chembe za fundi zikiwa kavu ni za machungwa. Zikishiba hugeuka kijani kilichokolea. Zamani alitumia za buluu zinazogeuka waridi, akaziacha, kwa sababu rangi ile ya buluu inatokana na chumvi ya kobalti, ambayo si kitu cha kushikwashikwa kila siku. Juu ya chembe ameweka wavu wa plastiki. Kifaa hulala juu ya wavu, kifuniko cha betri kikiwa wazi kabisa, mlango ukitazama chini. Betri haiingii koponi. Zile za zinki zinahitaji unyevu wao kidogo ndani, na kopo haliulizi maji haya ni ya nani. Litaikausha betri pia, ife kabla ya siku zake.

Alikaza mfuniko, akaulegeza, akaukaza tena akisikiliza. Akatazama rangi ya chembe, akaandika saa kwenye kijikaratasi. "Kesho, baba."

"Kesho? Si utie kwenye jua nusu saa?"

Mjukuu akaongeza kwamba nyumbani wana mashine ya kukaushia nywele. Fundi alitabasamu, na nikaona kwamba swali hili amelijibu maisha yake yote. Joto la jua au la mashine ya nywele hukausha nje upesi na kulainisha gundi inayoshikilia maikrofoni na spika, huku maji ya ndani yakigeuka mvuke na kutafuta pengine pa kujificha. Na mchele? Mchele mkavu huvuta maji kidogo sana kuliko silika, na unga wake huziba matundu. Maji yaliyoingia kwa siku nyingi, alimwambia mzee polepole, midomo ikionekana, yanataka usiku mzima kutoka. Ziko kliniki zenye mtambo unaonyonya hewa kwenye kisanduku ili maji yachemke kwa joto dogo na kutoka kwa dakika chache. Yeye hana. Ana kopo, na ana usiku.

Usiku huo huo, au jioni nyingine chembe zikishaanza kugeuka, hufanya kazi ambayo hakuna mteja anayeiona. Humwaga chembe za kijani kwenye sinia na kuziingiza kwenye oveni ndogo, nyuzi 120 hivi, kwa muda wa saa mbili. Akizidisha moto, rangi huungua na chembe hazitasema tena kama zimeshiba au la. Hutolewa zikiwa za machungwa, na hapo hapo, zingali na joto, hufungiwa kwenye chupa, kwa sababu zikipoa wazi juu ya meza hunywa hewa ya Kariakoo kabla hazijafika koponi.

Asubuhi ya pili mzee alikuja mapema. Fundi akatoa kifaa, akakifunga kwenye mpira wa kusikilizia. Akabandua kibandiko cha betri mpya na kuiacha mezani dakika chache ivute hewa. Ukiifungia mapema, haifikii nguvu yake kamili. Akaipima: karibu volti 1.4. Akaitia, akafunga mlango, akaweka vipande vya mpira masikioni mwake mwenyewe, na kuanza kusema mbele ya maikrofoni sauti moja moja: m, u, a, i, sh, s. Hizi ni sauti sita zilizopangwa na Daniel Ling, mwalimu wa viziwi aliyefanya kazi Kanada. Zinaanzia chini kabisa ya usemi wa mwanadamu, kwenye m, mpaka juu kabisa, kwenye s. Mtu anayesikia vokali lakini asisikie s na sh hujua kwamba unazungumza, ila hajui unasema nini. Fundi aliirudia s mara kadhaa, akikigeuza kifaa huku na huku, akikibinya gamba polepole kuona kama mkwaruzo utatokea. Haukutokea. Akaunganisha mrija, akaangalia alama ndogo nyekundu kwenye gamba, maana nyekundu ni kulia na buluu ni kushoto, akamvisha mzee.

Akarudi nyuma, akajifunika mdomo kwa karatasi ili mzee asisome midomo.

"Sh."

"Sh," akajibu mzee.

"S."

Mzee akanyamaza kidogo. "S," akasema, na mjukuu akainua kichwa kutoka kwenye simu.

Malipo yalikuwa madogo kuliko mafunzo yaliyofuata. Fundi alimpa mzee kopo dogo la plastiki lenye mfuniko wa kukaza na mfuko wa chembe, akamfundisha kwa mkono. Usiku: futa kwanza kwa kitambaa kikavu, toa betri, acha mlango wazi, tia koponi, funga. Asubuhi: toa, tia betri, vaa. Msikitini: kifaa kitoke kabla ya udhu, kikae mfuko wa juu ndani ya kitambaa, na baada ya udhu sikio lifutwe mpaka ndani ya mikunjo, lisubiri kidogo, ndipo kivaliwe. Mafuta ya nazi yapakwe usiku, kifaa kikiwa koponi. Manukato vivyo hivyo. Kofia, avae, lakini adhuhuri avue kwa muda afute jasho nyuma ya sikio. Mzee aliomba aandikiwe. Fundi alikuwa ameshaandika.

Nilimuuliza kuhusu vifaa vipya vinavyotangazwa kuwa havipitishi maji, vyenye namba IP68. Havidharau. Tarakimu ya kwanza inahusu vumbi, ya pili inahusu kuzama majini, na vimefanywa vizuri kuliko vya zamani, vingine vikiwa na betri ya kuchaji isiyotolewa. Lakini majaribio ya kuzamisha hufanywa kwa maji yasiyo na chumvi, kifaa kikiwa kipya. Jasho la miaka mitatu ni jambo jingine. Vifaa vya kuchaji navyo anataka vizimwe na kulala pakavu kila usiku, na kama chaja haina sehemu ya kukaushia, visiishie kwenye chaja tu. Mimi nakubaliana naye. Namba kwenye boksi huuza kifaa, haikifuti jasho.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2021, lilikadiria watu zaidi ya bilioni 1.5 duniani wana upungufu wa kusikia wa kiwango fulani, na milioni 430 kati yao wanahitaji huduma. Wengi wa hao hawana kifaa, na walio nacho katika nchi zetu mara nyingi wamekipata kwa mchango, kwa mkopo au kwa kuuza kitu. Kifaa kimoja kikiliwa na kutu, cha pili hakiji upesi.

Basi ndugu msomaji, kama nyumbani kwako yuko bibi, mtoto au jirani mwenye shimesikio, leo usiku mwulize anakiweka wapi akilala. Kama jibu ni juu ya televisheni, dirishani au chini ya mto, mtafutie kopo lenye mfuniko unaokaza na chembe za silika zinazobadilika rangi. Mfundishe kufuta kabla ya kukausha, na kuitoa betri kabla ya kufunga. Chembe zikigeuka rangi, zikaushe au zibadilishe. Masika yakianza, mkumbushe tena.